Herufi Nene Mpakani: Sura ya Cooper Black na Maandishi ya Kiswahili Busia na Malaba

Wanaisimu aghalabu hulichunguza neno kwa sauti, mofolojia na maana yake. Sura ya herufi zilizolibeba huachiwa wapiga chapa na wachora mabango. Mgawanyo huo hauna budi kutiliwa shaka Busia na Malaba, ambako msafiri, akiwa ndani ya lori au juu ya bodaboda, hulisoma neno kabla ya kulisikia kinywani mwa mtu. Neno bodaboda lenyewe husemwa kuwa lilizaliwa mpakani Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria kutoka kituo hadi kituo.

Miongoni mwa herufi nene mashuhuri ni Cooper Black, iliyobuniwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Mistari yake ni mizito, shingo zake fupi, vikia vya miishoni vya mviringo kana kwamba vimevimba, na matundu ya ndani madogo. Sifa hizo huipa uzito uliochanganyika na ucheshi. Haikukusudiwa kubeba aya ndefu, bali kichwa cha habari, tangazo na jina la duka.

Hapa Kiswahili hukabiliwa na mambo mawili. Kwanza, irabu a na e hujirudia mno, nazo ndizo ambazo matundu yake huzibika upesi kwa umbali: karakana, yenye a nne, yaweza kuonekana kama doa moja. Pili, kitenzi hukusanya nafsi, njeo na mnyambuliko katika neno moja lisilokatika ovyo. Tunabadilisha lina herufi 13. Forex lina 5. Kwenye ubao finyu, mshindi anajulikana.

Hata hivyo, kudai kuwa herufi nene haikifai Kiswahili ni kosa la hoja. Forodha ina herufi 7, sawa na Customs. Uhamiaji ina 8, ilhali Immigration ina 11. Hairuhusiwi kuingia hudai herufi 18, lakini Usiingie hutosheka na 8. Kasoro basi haimo katika lugha, bali katika mazoea ya kutafsiri ilani za Kiingereza badala ya kuzitunga upya.

Suala hili si la urembo tu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa mwaka 2018. Urasmi usioonekana ubaoni hubaki makaratasini. Herufi nene ipewe neno moja au mawili yaliyoteuliwa, iachiwe nafasi kati ya herufi na herufi, na maelezo yaandikwe kwa herufi nyembamba. Hapo Msamia, Mteso na dereva atokaye Mombasa watasoma ilani moja, nayo itakuwa ya Kiswahili.