Pembetatu ya Ohm inatufundisha kugawanya tu

Bila shaka unaikumbuka ile pembetatu ya kwenye daftari la fizikia: V juu, I na R chini. Ziba kwa kidole herufi unayoitafuta, zinazobaki zinakupa jibu. Ya pili ni ya nguvu: P juu, I na V chini. Wengi tumefaulu mitihani kwa hizo mbili, na kwa kazi ya kugeuza fomula ziko sawa. Tatizo ni kwamba pembetatu haikuulizi hiyo V ni ya kitu gani.

Chukua birika la umeme la wati 2300 linalotumia volti 230. Mkondo ni P ÷ V, yaani ampea 10. Ukinzani ni V ÷ I, yaani omu 23. Safi. Sasa lichomeke kwenye ekstensheni ndefu, nyembamba, ambayo nyaya zake, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa nusu omu. Ekstensheni yenyewe inatoa joto la wati ngapi?

Aliyezoea pembetatu anaiona V, anaiona R, anapiga V² ÷ R: 230 × 230 ÷ 0.5. Wati 105,800! Hesabu yake ya kugawanya haina kosa, ila jibu ni kichekesho. Volti 230 ni za saketi nzima. Nyaya zinapata kipande tu. Anza na ukinzani wote, omu 23.5. Mkondo unakuwa 230 ÷ 23.5, karibu ampea 9.8. Mkondo huohuo ndio unaopita kwenye nyaya, kwa hiyo zinachukua volti 4.9 hivi, na joto lake, I²R, ni kama wati 48.

Utasema, wati 48 si kitu. Kweli, zikisambaa kwenye waya ulionyooshwa, hewa inaupoza. Lakini ukiuviringisha na kuufunika na zulia, joto halina pa kutokea. Mbaya zaidi, chukulia nusu omu yote iko kwenye kiungo kimoja kilicholegea ndani ya soketi: hapo una joto la pasi ya kulehemu, limekaa sehemu moja, ukutani. Na fyuzi haitakuokoa, maana inaangalia mkondo, na mkondo umepungua kutoka ampea 10 hadi 9.8.

Kuna kasoro nyingine: pembetatu inakufanya uamini R haibadiliki. Balbu ya zamani ya wati 60, kwa volti 230, inavuta ampea 0.26, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 880 hivi. Izime, ipoe, kisha ipime kwa mita: utasoma chini ya moja ya kumi ya hapo. Hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi, ila ni ya uzi wa tungsteni uliowaka.

Sisemi pembetatu ifutwe. Ila mwalimu, kabla ya kuichora, chora saketi kwanza. Na wewe mwanafunzi, kila ukiandika V, andika pembeni yake ni ya birika, ya waya, au ya saketi nzima. Neno hilo moja lingeziondoa zile wati 105,800 kabla hujagusa kikokotoo.