Nani Kampiga Rosa Jiwe?

Sie tunaoandika siku hizi tuna ugonjwa mmoja. Msichana akitenda dhambi ukurasa wa tatu, kufika ukurasa wa kumi na mbili tumeshamuua. Ajali, UKIMWI, au kameza vidonge. Halafu tunaweka aya moja ya mahubiri, tunakunja karatasi, tunajiona tumefanya kazi ya Mungu. Wenzetu wengine, kwa kuchoshwa na mahubiri hayo, wamekimbilia upande wa pili: kila kosa ni raha tu, na anayehoji ni mshamba.

Basi nikarudi kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, nione mkubwa alifanyaje. Riwaya hii ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania, eti itaharibu watoto. Mwandishi mwenyewe alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na alisoma seminari ya Nyegezi. Injili hakuhadithiwa.

Nadhani walioogopa kitabu hiki walisoma kwa jicho moja. Rosa anatembea na wanaume, anatoa mimba. Kezilahabi hamung'unyi maneno, wala hatuambii kwamba mambo hayo ni sawa. Ila kabla ya dhambi ametuonyesha kipigo. Zakaria, baba mlevi, anamtwanga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Uzio ukianguka, hana cha kujilinda nacho, maana hakufundishwa kuchagua, alifundishwa kuogopa. Hapo ndipo penye funzo kwetu waandishi: sababu si udhuru. Tunaelewa Rosa kapita njia gani, lakini hatudanganywi kuhusu alikofika.

Katika Yohana sura ya 8 analetwa mwanamke aliyefumaniwa. (Mwanamume aliyefumaniwa naye, jamani, yuko wapi?) Yesu anafanya mambo mawili. Kwanza anawafanya wenye mawe waondoke mmoja mmoja. Kisha anamwambia yule mama aende zake, na dhambi ile aiache. Wahubiri wa mtaani wameshika la pili, sie wajanja tumeshika la kwanza. Kumbe yote kayasema mtu mmoja, tena kwa mpangilio huo: mawe yaanguke kwanza. Nani atasikia ushauri huku anakinga kichwa?

Sasa mtazame Charles. Anampenda Rosa, anataka kumwoa. Akigundua kwamba si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Charles si mlevi kama Zakaria, wala hakuhitaji fimbo. Aligeuza mgongo tu. Ni kijana safi, na usafi wake ndio jiwe lenyewe. Hapo riwaya inatuchoma sisi wenyewe, maana akina Charles tumejaa kwenye kwaya.

Lakini nina ugomvi na Kezilahabi. Kifo cha Rosa kinauma, ila kinaturahisishia kazi. Mwenye dhambi aliyekufa tunamlilia bila gharama yoyote. Kumwonea huruma maiti hakukuvunjii heshima mtaani. Mtihani ni yule aliye hai, aliyeanguka, akainuka, na Jumapili kaja kukaa benchi moja na wewe. Utamsogezea kitabu cha nyimbo au utavuta mkoba wako? Na akianguka tena, utathubutu kumwambia ukweli bila kuokota jiwe? Huyo riwaya haitupi nafasi ya kukaa naye. Imemzika mapema mno.

Simlaumu sana. Kwa mwaka ule, kumpa msichana wa namna hiyo moyo na akili kulihitaji ujasiri, na marufuku ndiyo ushahidi. Lakini sie tuliokuja nyuma yake tumeiga kaburi, tukaacha moyo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, kabla hujamtafutia msichana wako vidonge, jaribu kitu kigumu zaidi. Mwache aishi mpaka Jumatatu. Mwache aende kisimani, wamwone, wanyamaze. Andika atakayemsalimia wa kwanza, na atamwambia nini.