Mtungi usiopoza maji

Wahubiri wetu wanapenda sura ya 18 ya Yeremia, lakini wengi wanasema juu ya mfinyanzi pasipo kutazama vyombo vyake. Sisi tutazame vile vya Mwingereza Michael Cardew (1901-1983), aliyeshika udongo karibu miaka 60, na miaka kama 20 ya hiyo katika Afrika.

Mwaka wa 1926 alikodi karakana ya zamani karibu na Winchcombe, akafinyanga pamoja na mzee Elijah Comfort, fundi wa mahali pale. Nia yake ilikuwa kutengeneza majagi, mabakuli na mitungi ya pombe ya matofaa, ambayo watu wa kawaida waweza kuinunua na kuitumia kila siku. Hiyo twaisifu bila kusita: mwili mnene, mkono wenye nguvu, marembo machache yaliyochorwa upesi katika udongo mwororo.

Tunasita tukifika Abuja ya Nigeria, mji unaoitwa leo Suleja. Cardew aliona katika nyumba ya Emir mitungi ya mwanamke, Ladi Kwali, akaipenda sana. Mwaka wa 1954 mama huyo akaingia katika karakana yake. Aliujenga mtungi kwa mikono mitupu, akiuzunguka kwa miguu, akichora mijusi, nge na samaki.

Kijijini mtungi uliochomwa kwa majani makavu unatoa jasho: maji yanapenya kidogo kidogo, upepo unayakausha nje, na yale ya ndani yanapoa. Katika karakana mtungi uleule ulifunikwa na ngozi ya kioo, ukachomwa kwa joto la digrii kama 1,300. Ukawa mgumu kama jiwe, wala haukupoza maji tena. Mwaka wa 1958 vyombo vya Abuja vilionyeshwa London, watu wakavitazama.

Je, mtetezi wa chombo cha jikoni alikigeuza pambo? Kwa sehemu, ndiyo. Uzuri hatuukatai, Nigeria imemweka Mama Ladi katika noti ya naira 20, na ni haki yake. Lakini nasi, tukitaka kuheshimu kazi ya mama zetu, twaupaka mtungi vernisi na kuutia maua mbele ya altare, hali maji ya kunywa ya misioni yamo katika bidoni ya plastiki.

Katika kazi za Abuja sisi tungechagua birika za chai, kwa maana chai haihitaji chombo kitoacho jasho.