Paulus Gerdes na Hisabati Iliyovumbikwa

Katika kazi ya kuunda istilahi, aghalabu tumezoea kuanza na orodha ya maneno ya kigeni, kisha kuyatafutia visawe. Maisha ya mwanahisabati Paulus Gerdes yanatuonyesha njia nyingine. Yeye alianza na kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya watu, kisha akauliza ni fikra gani iliyomo ndani yake. Makala haya yanakusudia kuipima njia hiyo kwa jicho la mwanaistilahi: kuonyesha faida zake, na kuonyesha pia mahali ambapo, kwa maoni yetu, iliishia katikati ya safari.

Gerdes alizaliwa Uholanzi mwaka 1952. Muda mfupi baada ya Msumbiji kujipatia uhuru mwaka 1975, alikwenda huko kufundisha, na huko ndiko alikofanyia kazi ya maisha yake. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, na tangu mwaka 1989 hadi 1996 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha nchi hiyo. Kuanzia mwaka 1986 aliongoza tume ya Umoja wa Wanahisabati wa Afrika inayoshughulikia historia ya hisabati barani. Aliandika vitabu vingi kwa ajili ya walimu, wanafunzi na wasomaji wa kawaida. Mojawapo ni Geometry from Africa, kilichochapishwa Marekani mwaka 1999. Alifariki mwaka 2014.

Tatizo alilolikuta si geni kwetu. Ukoloni ulikuwa umewafanya wengi waamini kwamba hisabati ni mali ya Wazungu, na kwamba Mwafrika huazima tu. Gerdes hakulijibu jambo hilo kwa hotuba. Alilijibu kwa vikapu, mikeka na mitego ya samaki.

Tuchukue mfano mmoja. Wavuvi wa kaskazini mwa Msumbiji husuka mtego waitao lema, jina ambalo msomaji wa pwani yetu atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa dema. Matundu ya mtego huo yana pembe sita. Kwa nini sita, wala si nne au tano? Gerdes alionyesha kwamba umbo hilo halikuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Msukaji anapokunja ukanda juu ya mwingine, akitaka zishikane bila kulegea, kazi yenyewe humpeleka kwenye pembe ya nyuzi 60. Na kanda zipitazo katika mielekeo mitatu ya namna hiyo huacha tundu la pembesita iliyo sawa pande zote. Mwanafunzi akilitazama tundu hilo kwa makini ataona kuwa linagawanyika katika pembetatu sita zilizo sawa, na kwamba ubavu wake ni sawa na umbali kutoka kitovu hadi kwenye pembe. Hapo somo zima la jiometri limekwisha kuanza, na ubaoni hapajaandikwa kitu.

Mfano wa pili ni wa ujenzi. Mkulima wa Msumbiji anayetaka kupima msingi wa nyumba huchukua kamba mbili zenye urefu mmoja na kuzifunga pamoja katikati. Hulaza chini fito yenye urefu sawa na upana wa nyumba, akafunga ncha moja ya kila kamba kwenye kila mwisho wa fito, kisha akazivuta kamba mpaka zikaze. Ncha mbili zilizobaki humwonyesha kona mbili nyingine. Umbo linalopatikana ni mstatili kamili, kwa kuwa mistari miwili ya hanamu, kutoka kona hadi kona, ina urefu mmoja na hukatana katikati. Gerdes alipendekeza kwamba ujuzi huu uwekwe katika misingi ya kufundishia jiometri, usiwe kielelezo cha pembeni tu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya uangalifu wake. Hakudai kwamba kila anayesuka dema anafanya hisabati. Anayefuata alivyofundishwa na wazee huenda anaiga tu; lakini yule wa kwanza aliyeibuni njia ile alifikiri kihisabati, na fikra zake zimebaki ndani ya kitu. Fikra hizo Gerdes aliziita hisabati iliyoganda, kwa mfano wa maji yaliyokuwa barafu.

Je, sitiari hiyo yafaa kuingia katika Kiswahili jinsi ilivyo? Tunaona haifai. Kwa wasemaji wetu walio wengi, kinachoganda ni maziwa au damu, na kikisha kuganda hakitazamiwi kurudi kilivyokuwa. Lugha yetu ina jozi iliyo bora zaidi: kuvumbika na kuvumbua. Ndizi mbichi huvumbikwa ili ziive. Anayefukua kilichofunikwa ndiye mvumbuzi. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi hisabati iliyovumbikwa. Istilahi hii inabeba jambo ambalo barafu hailibebi, nalo ni kwamba kilichofichwa kinaendelea kuiva, na kwamba kukivumbua ni kukifunua kilichokuwapo.

Sasa tuje kwenye lawama yetu. Gerdes aliitwaa kazi ya fundi, akaiandikia kwa Kireno na Kiingereza. Majina kama lema yamo vitabuni mwake, lakini yamo kama majina ya vitu. Hayakupandishwa daraja yakawa istilahi za fikra aliyoivumbua. Tunajua alifanya kazi katika nchi ambayo shule zake ziliendeshwa kwa Kireno, na haki yake tunampa. Hata hivyo, fundi akirudishiwa fikra yake katika lugha asiyoisema, amerudishiwa nusu tu.

Upande huu Kiswahili kimefika mbali zaidi, japo hatuna desturi ya kujisifia. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma, na istilahi nyingi za hisabati zimetoka nyumbani. Pia, umbo la duara chini na ncha juu, ni kile kitu cha mchezo wa watoto. Mche unajulikana kwa kila anayenunua mche wa sabuni. Uwiano umetokana na kuwiana, yaani kudaiana, na mchuuzi wa Njisi, wilayani Kyela, anayebadili kwacha kwa shilingi karibu na Mto Songwe, anaielewa maana hiyo kabla ya kuingia darasani.

Si istilahi zetu zote zilizofaulu hivyo. Namba tasa ni mfano wa neno linalofunika kuliko kufunua. Limeiita tasa namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kana kwamba haizai. Kumbe kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja, ama ni ya aina hiyo, ama imezaliwa kwa kuzidisha namba za aina hiyo. Neno limekwisha kuenea na hatupendekezi liondolewe, ila mwalimu analazimika kulisahihisha kila analitumia.

Turudi Njisi, kwa maana hapo ndipo thamani ya jambo hili inapoonekana. Watoto wengi wa huko huanza na Kinyakyusa nyumbani, wakajifunza pia, mche na uwiano kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakaingia sekondari na kuyaacha yote kwa Kiingereza. Mtoto wa msukaji wa mikeka anafunika mara mbili kile alichokuwa amefunuliwa. Hasara hiyo haitibiwi kwa orodha ndefu ya visawe inayokaa kabatini.

Gerdes ametuachia njia. Lugha ni jukumu letu. Tunawaomba walimu na wasomaji, hasa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wawaulize wajenzi, wasukaji na wafinyanzi majina ya kamba, mikunjo, kona na vipimo vyao, kwa Kinyakyusa, kwa Kikisi na kwa Kiswahili, nao watuandikie. Neno moja lililotoka kwa fundi, likiwa na maelezo ya kazi linayoifanya, litatufaa kuliko visawe kumi tulivyovibuni mezani.