Kikombe Kisicho na Dawa

Mvua ikikatika Ggaba, kitongoji cha Kampala kando ya ziwa, mifereji ya magurudumu kwenye njia za udongo zinazoshuka mwaloni hubaki imejaa maji. Wachuuzi wa sato na sangara huiruka na kuendelea na safari. Anayetafuta viluwiluwi wa mbu huchutama kando yake, jua likimpiga usoni. Akilipa jua mgongo, kivuli chake kitaangukia maji, viluwiluwi wote watazama, naye atalazimika kusubiri mpaka wapande tena kuvuta hewa. Kata yake nyeupe huinamishwa polepole, maji yaingie yenyewe. Aliyelala sambamba na uso wa maji ni Anopheles, mbu wa malaria. Aliyening'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa hewa, ni Culex. Mwenye jicho lililozoea huwatenganisha kabla maji hayajatulia.

Naiheshimu sana kazi ya watu wanaopima kama mmea fulani kweli unaua viluwiluwi hawa. Uganda inaihitaji, kwa kuwa mbu wengi wa malaria wamekwisha kuwa sugu kwa dawa zinazopakwa kwenye vyandarua. Lakini nikisema kazi, sisemi kuchemsha majani na kuyamwaga dimbwini.

Chukua mwarobaini. Mbegu huanikwa kivulini, kwa sababu azadirakitini, kiini chake kikuu, huharibiwa na mwanga wa jua. Hutwangwa, huloweshwa kwenye alkoholi kwa siku kadhaa, huchujwa, kisha alkoholi huvukizwa kwa joto dogo mpaka yabaki masalia mazito yanayonata. Masalia hayo hayachanganyiki vizuri na maji, hivyo huyeyushwa kwanza kwa alkoholi kidogo, ndipo yapimwe tone kwa tone.

Sasa vikombe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka viluwiluwi 25 katika kila kikombe, na vikombe visivyopungua vinne kwa kila kipimo cha dawa. Ukijaribu vipimo vitano tu, umeshahesabu viluwiluwi 500. Kisha kuna vikombe vingine vinne, na hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote: havina dawa. Vina maji yale yale, viluwiluwi wa umri ule ule, na hata kile kiasi kidogo cha alkoholi kilichoyeyushia dawa, ili alkoholi isije ikasifiwa kwa kazi ya mwarobaini. Baada ya saa 24 mpimaji huinama na sindano nyembamba, akimgusa kila asiyetikisika. Anayeshindwa kupanda juu ya maji huhesabiwa pamoja na wafu. Na ikiwa zaidi ya asilimia 20 wamekufa kwenye vikombe visivyo na dawa, jaribio zima hutupwa. Siku zote zile za kuanika, kutwanga na kuchuja hazitetei chochote. Kazi huanza upya.

Mwarobaini unadai subira zaidi ya hiyo, kwani hauui kwa pigo moja. Huvuruga homoni zinazomwezesha kiluwiluwi kujivua ngozi, jambo analopaswa kulifanya mara nne mpaka awe pupa. Anaogelea, anakula, kisha anakwama ndani ya ngozi yake mwenyewe. Mwaka 2007 mtafiti Fredros Okumu na wenzake walichapisha matokeo ya mafuta ya mwarobaini kwa Anopheles gambiae: kiasi cha sehemu 11 kwa milioni kiliua nusu ya viluwiluwi, lakini baada ya siku 8. Sehemu 6 kwa milioni zilitosha kuzuia nusu yao wasitoke kuwa mbu kamili. Mpimaji mwenye haraka angeandika siku ya pili kwamba dawa haifai.

Hapa Ggaba kuna swali jingine lisilokwepeka. Mmea wa utupa, ambao Waganda huuita muluku, nao huua viluwiluwi. Wazee waliutwanga na kuutia majini ili samaki walegee waelee, na ndiyo sababu mimi singetaka kuuona karibu na ziwa hili. Dawa inayomwua kiluwiluwi dimbwini haina budi kujaribiwa pia kwa samaki, kwa sababu mvua inayofuata italisukuma dimbwi lile ziwani, na ziwani ndiko wanakotoka sato wa sokoni na maji yanayosafishwa kwenye mitambo ya hapa hapa Ggaba kwa ajili ya Kampala. Mpimaji mwema huongeza vikombe kwa ajili ya swali hilo, na siku za kuhesabu.

Basi ukikutana na mtu anayekuuzia maji ya majani ya kuulia mbu, usimwulize wangapi walikufa. Mwulize wangapi walibaki hai kwenye kikombe kisicho na dawa.