Chekeche Kwanza, Jicho Baadaye

Kisiwa cha The Pearl mjini Doha, karibu mita za mraba milioni 4 za bahari iliyofukiwa, kimekaa mahali palipozamiwa lulu zamani. Ninachotaka kuchambua ni jicho la mfanyabiashara aliyezinunua, tawashi. Lilifunzwaje?

Tuanze na vifaa vyake. Lulu zilimwagwa kwenye vikombe vya shaba vyenye matundu, vya matundu makubwa kwanza, kisha madogo. Ukubwa ukaamuliwa na chekeche, uzito na mizani. Jicho likaachiwa mng'ao, rangi na umbo tu, lulu zikiwa juu ya kitambaa chekundu. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe: kuupunguzia umakini mzigo kabla ya kulifunza jicho.

Mwaka 1992 Ling-Po Shiu na Harold Pashler waliwaonyesha watu mistari iliyotofautiana kwa mwangaza na kwa mwinamo. Waliopewa kazi ya kupima mwangaza hawakupata wepesi wa kutambua mwinamo, ingawa mistari ilikuwa ileile. Kwa hiyo kuona mara nyingi hakutoshi. Jicho hujifunza kile lilichotumwa. Mabaharia wa vyombo vya lulu, wakiwemo watu wengi wa asili ya Afrika Mashariki waliotiwa utumwani, walifungua chaza kwa pamoja asubuhi, nahodha akiwaangalia. Nao walikuwa na jicho kali, ila naamini lilinolewa kwa swali jingine: ndani ya nyama hii, ipo au haipo?

Takeo Watanabe na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba hata mwendo wa nukta usiotambulika unaweza kufunzwa bila kukusudia. Lakini jaribio la 2003 la Aaron Seitz na Watanabe lilibaini kuwa ulifunzwa ule tu uliotokea sambamba na herufi walizokuwa wakizisaka watu.

Jicho likishafunzwa, nalo huuvuta umakini. Mwaka 1977 Richard Shiffrin na Walter Schneider waliwazoesha watu kusaka herufi fulani, kisha wakageuza kazi: herufi hizo zikawa za kupuuzwa. Watu wakafanya vibaya kuliko siku walipoanza.

Tawashi naye alikutana na mgeuko kama huo: miaka ya 1920 lulu za kufugwa za Japani ziliingia sokoni. Juu zilikuwa na tabaka lilelile linalong'aa, na jicho la miaka mingi likaenda moja kwa moja kwenye mng'ao. Tofauti ilikuwa kwenye kiini, na wakaguzi wakalazimika kutumia eksirei.