Kifyatuo na Ungo: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Fizikia

Neno chembe ni la ghalani. Waliolitwaa kutajia vitu vidogo kabisa vya maumbile walifanya vyema, maana picha yake yaeleweka pasipo ufafanuzi. Walakini mtambo uchaguao migongano ya chembe hizo uko hatarini kuitwa kifyatuo, kwa kuwa Waingereza huuita kwa jina la kifyatuo cha bunduki.

Jina hilo lilikuwa na haki yake zamani. Mwaka 1932, huko Cambridge, Blackett na Occhialini waliweka vihesabio juu na chini ya chumba cha mvuke; chembe ilipovipita vyote viwili, chumba kilifyatuka na picha ikapigwa. Leo mambo ni kinyume. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, makundi ya protoni hukutana mara milioni 40 hivi kwa sekunde, na hapana ghala liwezalo kuhifadhi habari zote zitokazo humo. Katika vyombo vya ATLAS na CMS, saketi za elektroniki hupunguza hesabu hiyo hata ikawa kama 100,000, kila uamuzi ukichukua sehemu chache tu za milioni za sekunde. Kisha kompyuta hubakiza elfu chache. Kilichoachwa hakirudi, hata kama kilikuwa na jambo lisilopata kuonekana duniani. Kazi ya mtambo, basi, ni kutupa. Neno kifyatuo halisemi hivyo hata kidogo.

Mkulima wa Binza, wilayani Maswa mkoani Simiyu, anazo kazi mbili ambazo Kiswahili kimezitenga. Mtama hupepetwa, na makapi huenda na upepo. Pamba hutengwa safi na fifi, hata hiyo fifi ikapata bei yake. Kisha huchambuliwa kiwandani, nyuzi huku na mbegu huku, na mbegu hukamuliwa mafuta. Tofauti hii ndiyo hasa itakiwayo na fizikia: mtambo wa haraka hupepeta, na mtaalamu, pengine miaka baadaye, huchambua yaliyosalia. Kichujio nacho hakifai, kwani machicha ya nazi hubaki mkononi na kukamuliwa mara ya pili.

Kupepeta kuna kasoro yake. Upepo hautambui punje, hupima uzito tu. Mtambo wa kufuatia nyayo hutambua. Ule ulioitwa SVT, uliotumika katika chombo cha CDF huko Fermilab tangu mwaka 2001, ulikuwa na chipu za kumbukumbu ambamo maelfu ya mifano ya nyayo yalilinganishwa na alama mpya kwa wakati mmoja, kama kamusi ambayo kila kidahizo huitika chenyewe herufi zake zisomwapo. Shughuli hiyo yastahili jina lake, kutambua nyayo. Na nyayo ni bora kuliko njia, kwa sababu chembe yenyewe haionekani. Huonekana mahali ilipokanyaga katika tabaka za silikoni.

Tena tangu mwaka 2022 chombo cha LHCb kimeacha hatua ya saketi, na uchaguzi wote hufanywa na programu. Mwanafunzi atakayepewa neno kifyatuo atatafuta humo chuma cha kufyatuliwa asikione.